Simbamarara Jikoni

Quanzhou, 14 Desemba 1996. Asubuhi manyunyu na baridi.

Kaka Guorong,

Bata walitosha wageni wote, na paa halikuvuja. Mwanao Suqin ameolewa leo, nawe bado uko melini. Nimechoka.

Alfajiri shangazi wa bwana harusi alinizuia mlangoni mwa chumba cha Suqin. "Dada Yuezhu, usinichukie. Umezaliwa mwaka wa Simbamarara. Ukimwona bibi harusi, hatapata watoto."

"Simbamarara huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki."

"Ndiyo maana kakonda!"

Wanawake wakacheka. Nikaenda jikoni kukoroga supu.

Kabla ya kuondoka, Suqin aliniita kutoka nyuma ya mlango wa jikoni. "Shangazi, fumba macho, naingia. Kifungo cha shingoni kimenishinda."

Nilikifunga kwa kupapasa, kama nilivyokuwa nikimfungia sare ya shule. Akaninong'oneza, "Chungulia kidogo tu, nani atajua?"

Sikufumbua macho, Kaka. Nataka apate watoto. Kwa hiyo gauni lilivyompendeza, waulize wengine.

Nakwenda kulala. Ni saa moja jioni.

Dada yako,
Yuezhu