Feni Tulizozipanga kwa Moshi wa Udi

Mpendwa wifi Rukia,

Nakuandikia nikiwa chumba chetu cha uani, hapa Raskazone, kando ya kompyuta ile tuliyoifungua na kuifunga mpaka skrubu zikalegea. Joto la chumba hiki unalijua.

Kazi yetu ilikuwa kupiga video za harusi upande wa wanawake. Walituita kwa sababu hakuna mwanamume aliyeziona picha zao zikiwa mikononi mwetu. Ndiyo maana kompyuta ilipoanza kuzima yenyewe kwa joto, katikati ya kuhariri, ulikataa isipelekwe kwa fundi. Kaka yako alisema fundi yule ni mwaminifu. Ukamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba mabibi harusi wametuamini sisi, hawakumwamini yeye.

Basi tukajifunza wenyewe. Tulipofungua ubavu wa kasha la kompyuta tulikuta feni zote zinazunguka, na bado ndani kunaunguza. Ukaenda jikoni ukarudi na chetezo, ukakiweka mbele ya kasha na kuniambia nitazame moshi wa udi unakwenda wapi. Badala ya kuingia, moshi ukakurudia usoni. Feni za mbele zilikuwa zimefungwa kinyume, zinatoa hewa. Ya nyuma na ya juu nazo zinatoa. Hakuna iliyokuwa inaingiza.

"Ni kama nyumba, wifi," ukasema. "Hewa iingie barazani, ipite ukumbini, itokee uani."

Tukazigeuza za mbele ziingize, ya nyuma na ya juu tukaziacha zitoe joto. Waya zilizoziba njia tukazifunga pembeni, kasha tukalisogeza mbali na ukuta. Ukachukua tena chetezo. Safari hii moshi ukaingia mbele, ukatokea nyuma, nasi tukakaa sakafuni tukiutazama kama watoto.

Halafu ikaja harusi ya Maramba. Tulipokuwa tunarudi, ndani ya gari, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba una uvimbe kwenye titi, nao si wa jana. Nikakusihi twende hospitali kesho yake. Ukasema, "Tumalize kwanza harusi hizi za baada ya Idi, za Mfunguo Mosi." Nilikubembeleza, nikamwambia na kaka yako, naye akakubembeleza. Tulipokwenda, daktari, mwanamke mwenzetu, alizungumza nasi taratibu mno. Wewe ulimwelewa kabla yangu. Ramadhani iliyofuata hukuiona.

Sasa nahariri harusi ile ya Maramba. Kompyuta haijazima hata mara moja. Kinachonishinda ni picha zenyewe. Bibi harusi anaingia, kamera inamfuata vizuri, kisha inaanza kushuka, kutoka usoni mpaka kwenye pindo la gauni. Inabaki huko. Halafu inapanda polepole, inatetemeka, inashuka tena. Mkono ulikuwa unakuuma, wifi. Nami nilikuwa nimesimama ubavuni mwako, nimeshika taa, natazama bibi harusi kama watu wengine wote.

Mama wa bibi harusi amenipigia tena kuulizia video. Nimemwambia bado kidogo. Sehemu nyingine zote nimeshazikata na kuziunga. Zile za pindo la gauni bado zipo.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akutilie nuru.

Mimi wifi yako,
mke wa kaka yako