Pikapu Yenu Haijambo

Endarasha,
3 Machi 1974

Kwa mama yangu Ngendo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kijana wako. Ulipewa jina la mama yangu, kwa hiyo sina budi kukuheshimu ingawa una miaka ishirini na mitatu tu na nguo zako nilizifua mimi. Hapa nyumbani sote hatujambo. Mama yako hajambo, ng'ombe hawajambo, viazi vimekubali. Natumai huko Nairobi unaamka vizuri na unakula.

Baada ya salamu, kuna shida ndogo tu. Ni ile pikapu niliyonunua kwenye kampuni yenu mwaka jana. Jumanne nilikuwa nateremka kwenda mto Chania na mitungi ishirini ya maziwa nyuma. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikaingiza gia ya kwanza, gari ikalia, nikaipandisha kwenye ukingo wa barabara ndipo ikasimama. Nilikaa kwenye nyasi, mzee mzima.

Fundi Abdulatif wa Majengo, pale Nyeri mjini, aliingia chini yake akatoka akitikisa kichwa. Anasema paipu ya oili ya breki imepitishwa pabaya, inasuguana na springi kila tukiruka shimo. "Mzee, hii si kuzeeka," aliniambia. "Hii gari imezaliwa hivi." Ameifunga kwa mpira na waya, lakini hiyo ni dawa ya siku chache.

Pedali ilianza kulegea tangu Desemba, nami nimeiandikia kampuni barua mbili. Sijajibiwa. Sitaki uniombee. Siingii kwa mlango wa nyuma kwa sababu binti yangu anafanya kazi humo. Niambie jambo moja tu: barua zetu zinafika?

Mimi kijana wako,
Baba

Nairobi,
12 Machi 1974

Mpendwa Baba,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na Mama na ng'ombe wote. Mimi sijambo. Nakula, mwambie Mama asihangaike.

Habari ya ile breki imeninyima usingizi, Baba. Lakini nimeuliza, na hapa hakuna malalamiko hata moja ya breki. Meneja anasema Nyeri ndiko pikapu hizo zinakosifiwa kuliko pengine popote. Una hakika barua ulizitia posta, au ziko bado kwenye mfuko wa lile koti lako la kanisani?

Tangu jana nimehamishwa kutoka kwenye chumba cha taipu. Sasa nafundishwa kazi ya barua za Kiswahili. Karani anayenifundisha, Subira, anaolewa Isiolo na kuacha kazi wiki ijayo. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei, kisha nikithibitishwa nitakuja nyumbani na kilo mbili za sukari. Niombee.

Binti yako,
Ngendo

Endarasha,
20 Machi 1974

Kwa mama yangu Ngendo,

Salamu. Sisi hatujambo, nawe natumai hujambo.

Koti langu la kanisani halina barua. Nilizitia posta mwenyewe, tena ile ya pili nilimkabidhi mtu wa posta mkononi. Na si mimi peke yangu. Unamkumbuka Kingori wa Tetu, mwenzangu wa rika, aliyekupa sanduku la nguo ulipokuwa unakwenda Nairobi? Naye ana pikapu kama yangu, na breki yake inalegea vilevile. Jumapili alikuja hapa akaandika barua yake kwenye meza yangu. Kalamu ilimshinda, nikamsaidia maneno. Abdulatif anasema ameona nyingine nne zenye ugonjwa huohuo.

Nakuwekea nakala ya barua yangu ya Februari. Isome, uone kama ni barua ya mtu aliyelala:

"Kwa Bwana Meneja. Natumai hujambo pamoja na jamaa yako na wafanyakazi wote. Mimi sijambo, na pikapu yenu haijambo, twashukuru sana. Baada ya salamu, kuna shida ndogo tu. Breki haishiki nikiteremka mlima, na nina hofu itaniua."

Mimi kijana wako,
Baba

Nairobi,
2 Aprili 1974

Mpendwa Baba,

Natumai hamjambo. Mimi sijui kama sijambo.

Nimezipata. Zilikuwa kwenye faili inayoitwa Barua za Shukrani. Hapa karani husoma barua ya Kiswahili, akamwandikia Meneja mstari mmoja kwenye rejista, kwa sababu Meneja hajui lugha yetu. Barua ni nyingi, basi karani husoma mwanzo tu. Mwanzo wa barua yako unasema nini? Mimi sijambo, na pikapu yenu haijambo, twashukuru sana. Ikaandikwa: mwenye gari anashukuru. Ikafungiwa kabatini.

Nimezisoma zote za faili ile, nikakuta kumi na saba za breki. Kila moja inaanza kwa uzima na shukrani, na kila moja inasema shida ni ndogo. Mwalimu mmoja wa Kangema ameuliza hali ya watoto wa Meneja kwa mistari sita kabla ya kusema kwamba alikaribia kufa.

Baba, nakusihi, andika upya. Usimsalimie mtu. Neno la kwanza liwe BREKI, kwa herufi kubwa. Waambie na wenzako. Na mpaka mjibiwe, gari ilale.

Binti yako,
Ngendo

Endarasha,
11 Aprili 1974

Kwa mama yangu Ngendo,

Salamu nyingi, tena leo nazidisha makusudi.

Nilimsomea Kingori barua yako akacheka mpaka akakohoa. "Wamae," akaniita, "barua bila salamu ni kama kuingia kwa nyumba ya mtu bila hodi. Wataniona mshenzi." Nami nasema kama yeye. Barua isiyo na salamu huandikwa kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Hapa hakuna aliyekufa. Wewe ndiwe karani sasa. Soma mpaka chini, mama, kazi yako si hiyo?

Gari haiwezi kulala. Maziwa hayangoji. Nateremka kwa gia ya kwanza, na mama yako anakaa kando yangu na jiwe la kuzuia gurudumu mapajani. Haliweki chini mpaka tuvuke daraja.

Kijana wako,
Baba

Nairobi,
3 Mei 1974

Mpendwa Baba,

Natumai hamjambo. Nina habari njema.

Nilitaipu orodha ya majina kumi na sita kwa Kiingereza, nikaiweka mezani kwa Meneja pamoja na barua zenyewe. Alifura. Akaitisha rejista, akauliza ni nani aliyeandika upuuzi huu wa shukrani. Mwandiko ulikuwa wa Subira, naye yuko Isiolo na mumewe. Meneja akasema ana bahati ya kuondoka mapema, maana angemfukuza siku hiyohiyo.

Fundi wa kampuni atakuja Nyeri tarehe 15 na paipu mpya. Kila aliye kwenye orodha ataandikiwa barua ya kuitwa. Nenda nayo, bila barua hiyo hawatagusa gari. Nilipoona jina lako limepigwa muhuri nililia hapohapo mezani.

Binti yako,
Ngendo

Endarasha,
17 Mei 1974

Kwa mama yangu Ngendo,

Salamu nyingi na asante nyingi. Pikapu imetiwa paipu mpya, imepitishwa mbali na springi. Leo nimeteremka mpaka Chania na jiwe tumeliacha nyumbani. Mama yako ameimba njia nzima.

Sasa kuna jambo. Kingori hakuitwa. Alikwenda hivyohivyo, fundi akatazama karatasi yake akamwambia, "Mzee, humo kwenye orodha." Yeye hana wasiwasi, anasema majina ya T huja mwishoni kwa sababu ya Tetu. Nimemwambia aiegeshe. Amekataa, kwa kuwa Jumamosi tarehe 25 atawapeleka kina mama wa kanisa Kangema kwa harambee, na mama yako ni mmoja wao. Mimi siku hiyo nina maziwa.

Tafuta jina lake, mama. Liko humo, barua nilimtajia maneno mimi mwenyewe akaandika. Nijibu upesi.

Kijana wako,
Baba

Endarasha,
27 Mei 1974

Ngendo,

Kingori amekufa.

Jumamosi asubuhi kina mama walikuwa wanamngoja kwenye duka la Theuri, upande wa Tetu, kabla ya daraja la Chania. Walisikia honi tangu juu ya mteremko, inalia bila kuacha. Walidhani anawasalimia. Wakampungia mikono. Mama yako anasema alikuwa bado ameinua mkono pikapu ilipowapita, ikavunja ukingo wa daraja, ikaingia mtoni.

Abdulatif ameingia majini mwenyewe. Paipu imekatika palepale aliposema.

Polisi wameandika kwamba dereva alikuwa na mbio. Kampuni yenu imewaambia kwamba Kingori hakuwahi kulalamika hata siku moja. Korti ya Nyeri itasikiliza habari ya kifo chake Jumanne tarehe 11 Juni. Magdaline, mke wake, ameniuliza: "Si aliandika? Si aliniambia ameandika?" Nikamwambia aliandika.

Hukunijibu. Iko wapi barua yake?

Wamae

Nairobi,
30 Mei 1974

Baba,

Barua yake iko mbele yangu. Imekuwa ndani ya droo yangu tangu Aprili, chini ya karatasi za kaboni.

Ilifika siku zangu za kwanza kwenye kazi ile. Nilikuwa na barua arobaini za kumaliza kabla ya saa sita. Niliona jina la Kingori nikafurahi, nikamkumbuka na lile sanduku. Nikasoma: mimi sijambo, na pikapu yenu haijambo. Nikaandika kwenye rejista kwa mkono wangu: mwenye gari anashukuru. Nikageuza ukurasa.

Nilikwambia barua ni kumi na saba. Orodha niliyotaipu ni ya kumi na sita. Ile moja ilikuwa na mwandiko wangu karibu yake kwenye rejista, nami niliogopa. Nilimwacha Subira abebe zote kwa kuwa hayupo. Nilijiambia nitathibitishwa kazini tarehe 31, kisha Jumatatu nitaliingiza jina la Kingori kimyakimya. Barua yako ya tarehe 17 ilinifikia tarehe 21. Niliisoma mara tatu, nikaona Mama yumo safarini, na bado nikasema ni siku kumi tu, Mungu atawashika.

Kesho ndiyo siku ya kuthibitishwa. Sitakwenda kuthibitishwa. Nina barua yake, na nina rejista, nimeichukua bila ruhusa. Nikija nayo Nyeri wataniuliza mwandiko ni wa nani. Niambie nije au nisije. Ukisema nisije, nitaituma kwa posta na hutaniona tena, na nitaelewa.

Ngendo

Endarasha,
3 Juni 1974

Mama,

Pokea salamu. Mimi nina jambo. Mama yako ana jambo, hajainua mkono ule tangu siku ile, hata kuchota maji anatumia wa kushoto. Magdaline ana jambo kubwa kuliko sisi sote. Natumai nawe unalo.

Nilimsomea Magdaline barua yako yote. Alitaka nimsomee tena pale penye jina la mumewe, nikasoma. Kisha akainuka akaenda kukamua. Sijui atakupokea vipi, na sitamuuliza.

Nami nikwambie langu. Siku ile kwenye meza yangu Kingori alitaka kuanza hivi: "Gari yenu karibu iniue." Mimi ndiye niliyemwambia, aka, hivyo sivyo kuandikia watu wakubwa, anza na uzima wako, shukuru, kisha sema shida ni ndogo. Akafuta. Chini ya salamu, ukiitazama vizuri hiyo karatasi, utaona alipofuta. Hilo nitalisema kortini kabla yako, kwa kuwa mimi ni mkubwa.

Njoo na barua na rejista. Usipande gari ya mtu yeyote usiyemjua, panda basi la asubuhi Jumatatu, nitakungoja stendi. Utalala hapa nyumbani, kitanda chako kipo.

Na Jumanne, utakaposimama pale mbele, hakimu akikuuliza habari, usimwambie nzuri.

Baba yako