Chini ya Uzi wa Buluu

Kwako dada mpendwa,

Salamu zikukute mzima, wewe na shemeji. Sisi tupo, tunashukuru, ingawa barua hii nimeshaichana mara mbili.

Umeniuliza hali ya Mama. Sasa ni nzuri. Unakumbuka mwaka jana nilikuandikia kwamba amekuwa mzito, anasikia baridi juani, na kushona tundu moja la kifungo kunamchukua asubuhi nzima. Daktari alisema tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha, akampa kidonge cha kila siku. Nawe, Mungu akubariki, ukatuma vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vya kumtia nguvu. Mama akazidi kudidimia. Dozi ikaongezwa, wapi.

Miezi mitatu iliyopita daktari mpya aliniuliza Mama anamezaje dawa zake. Nikajibu, tena kwa majivuno, kwamba nampa zote kwa mkupuo mmoja na chai ya maziwa, ndipo nafungua duka. Akaweka kalamu chini. Akasema chuma na kalsiamu huzuia kile kidonge kuingia mwilini. Kimezwe peke yake kwa maji kabla ya kula, hivyo vingine vingoje masaa manne.

Usijilaumu, dada. Mfamasia aliyaandika hayo kwenye boksi siku ya kwanza kabisa, na mimi niliyasoma. Nikaona ananichelewesha tu, mimi mwenye oda za sare. Nikalikata boksi, nikalizungushia uzi wa buluu juu ya maandishi, kama ninavyofanya maboksi yote. Bado limo kwenye droo ya cherehani.

Na mwaka mzima nilimfokea. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba mikono yake imeisha, awapishe wenye kazi. Akavua kastabini kidoleni, akaiweka mezani, akaenda kukaa uani. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na mizigo, hana dalili ya kuondoka.

Jana alimaliza vifungo vya koti kabla chai haijapoa. Ila kila asubuhi husimama mlangoni na kuniuliza kama anaruhusiwa kukaa kwenye kiti chake. Namwambia ni chako, Mama. Kesho yake anauliza tena.

Sijamwambia. Njoo, dada, niufungue ule uzi mbele yenu wote wawili. Peke yangu nimeshindwa.

Mama anakusalimu sana. Anasema unitumie na mimi vidonge vya nguvu, maana anaona nimechoka kwa kumuuguza.

Ni mimi mdogo wako,
Kidole