Kinu Kitupu

Amade mdogo wangu,

Siku ile uliponisikia natwanga, hapakuwa na mtama kinuni. Nimeona nikwambie mwenyewe.

Ulitaka tukufungie chumba cha nyuma mpaka ule unga wa kulevya ukutoke mwilini. "Dada, hata nikilia usifungue." Kambi ya gesi ilikuwa imekufukuza kwa kusinzia kazini, na Mama alishatamba Palma nzima kwamba mwanawe anafanya kazi na wazungu. Basi tukatangaza umekwenda Mtwara. Kwetu kila aibu hupewa safari, wajua.

Siku ya nne ya arosto, mwili ukiulilia unga na hata maji unayatapika, akabisha hodi Lurdes, yule ativista wa afya anayezunguka kutafuta vijana wa unga. Mama akamwambia, "Amade hayupo, mwanangu. Yuko Mtwara, kapata serviço, kazi ya maana." Ukakohoa. Nikashika mchi, nikatwanga kinu kitupu kwa nguvu zangu zote usisikike. Lurdes akaaga. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwake, Amade. Hatua kumi!

Siku ya sita ulinyamaza, tukadhani umepata usingizi.

Matangani watu waliuliza umerudi lini. Mama akajibu, "Jana." Nikashindwa, nikasema yote mbele za watu. Hakuniongelesha mpaka arobaini yako ikapita. Halafu asubuhi moja akaung'oa mlango wa chumba chako kwa mikono yake, akaniagiza nimwite Lurdes. Sasa vijana wanaoacha unga wanakaa humo, wanakunywa uji wa Mama, na Lurdes anawapeleka hospitali kabla mwili haujawakauka kama wewe. Wawili wametoroka. Mmoja, Sufo, ana mwezi hajagusa unga, na ananuna kutwa nzima kama wewe ukikosa samaki. Nampenda kwa hilo, na linaniumiza.

Leo nimekwenda kwa Bi Rehema, jirani yetu, kumuulizia binti yake ambaye wiki nzima hajaonekana. "Zaina? Yuko Pemba." Nikamshukuru, nikageuka kuondoka. Nyuma yangu mchi ukaanza kutwanga, na mimi naijua sauti ya kinu kisicho na kitu.

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwake. Ameshanifukuza mara mbili. Lurdes yuko njiani.

Nisamehe, mdogo wangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, siondoki hapa mpaka Zaina afunguliwe.

Dada yako,
Muaziza