Uzi ya Bei ya Chini

Siku ya kwanza ya juma, 4 Agosti 1975

Valère alifungua butike yake leo, pembeni ya soko hapa Nchelenge. Kila kitu bei moja – ngwee makumi mbili! Kikombe ya plastiki, kioo, kufuli, chanuo, sindano, tochi bila mabetri. Aliandika bei ku ubao na chokaa, mara moja, basi. Hakuna kuuliza, hakuna kubishana.

Valère ni mutu ya Pweto, mimi ya Kilwa, ile ya ku ziwa. Siye bote babili ni ba ng'ambo ya ziwa, inchi ingine. Juu ya ile banamuke banakuja kuniuliza mimi, kama vile butike ni yangu: Mama Delphine, bitu ya ndugu yako ni ya kweli? Nilisema sijui. Kazi yangu ni kushona, najua nguo tu.

Nilizunguka mule mara mbili. Sikununua. Lakini mikono ilikuwa inawasha!

Siku ya tatu, 6 Agosti

Bwana yangu Kapembwa alinunua kufuli kule, ya kufunga chumba ya nyavu. Jirani akajaribu ufunguo ya nyumba yake – ikafunguka! Balicheka mpaka machozi. Mimi pia. Kisha nikafikiri: hivi tumelipa juu ya kucheka?

Lakini kikombe ya bluu nilinunua leo, haivuji. Maji mule ni maji tu. Kumbe bei ya chini haiko uongo siku zote.

Mama yangu, kule Kilwa, alikuwa na sahani moja ya bati, ya bei kali. Ilimuzidi maisha. Alikuwa anasema: kitu ya bei haikufi. Ni kweli. Lakini tulikuwa batoto sita, tunangoja zamu ku sahani moja ile. Mwenye kukula wa mwisho alikuta bukari, ugali yetu, imekuwa baridi. Wa mwisho nilikuwa mimi. Ile hakuna mutu aliisifu.

Siku ya tano, 8 Agosti

Kazi kubwa! Korali ya parokia inataka bluzi kumi na mbili, nyeupe, juu ya sikukuu ya Mama Maria ku Kabuta, tarehe 15. Ba Mayo Matildah – kwa Kibemba ba mayo ni mama – mwenyewe alikuja kunipa kazi. Ndiye anaongoza korali. Mujane, munene, anauzisha chisense, tusamaki tudogo twa kukausha. Akianza kuimba, hata batoto ku mugongo banaacha kulia.

Alinionyesha kioo alinunua kwa Valère. Nilicheka, nikasema itavunjika wiki hii. Akaishika vizuri na mikono mbili.

– Mukwai, alisema na heshima, tangu nizaliwe ile ndiyo butike ya kwanza niliingia bila woga. Bei naijua niko bado nje. Hakuna mutu ananitazama miguu, kujua kama nitaweza kulipa.

Nikachukua metre, nikamupima kifua, nikaandika mu kitabu. Sikuwa nimefikiri ile.

Jumamosi, siku ya posho, 9 Agosti

Uzi. Ya kweli iko ku butike kubwa, bei mara tatu. Nilienda kwa Valère. Nikavuta uzi yake katikati ya vidole – ka! Ikakatika. Nikavuta ingine. Ikakaza kidogo, kisha – ka.

Nikajiambia: nitapitisha mashine mara mbili, itashika. Nikanunua bobini munane ya uzi.

Naandika hapa juu hakuna mutu atasoma: nilijua. Nusu, lakini nilijua.

Siku ya ine, 14 Agosti

Zimeisha. Nyeupe, kola nzuri, mikono inapanda vizuri. Mugongo inaniuma. Korali imelipa yote.

Siku ya tano, 15 Agosti

Lori ilitufikisha Kabuta asubuhi. Batu, batu! Bavuvi baliacha mitumbwi, bachuuzi baliegemeza baiskeli za samaki ku ukuta ya kanisa. Korali ikasimama. Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Ku wimbo ya tatu Ba Mayo Matildah akainua mikono juu, kupandisha sauti. Nilisikia mbele sijaona. Prrr! Mugongo yote ya bluzi, toka shingo mpaka kiuno.

Bote bakatazama. Kisha mwanaume mumoja nyuma akasema kwa Kibemba, na sauti, kwamba nguo maskini imechoka kubeba. Kanisa ikacheka. Hata padri akainamisha kichwa, mabega inatikisika.

Yeye hakukata wimbo. Alimaliza beti, mikono chini, macho chini. Ennie – yule mwembamba ya sauti ya juu – akamufunika kitenge.

Mu lori alishika kitenge mpaka karibu ya kufika. Kisha akanigeukia.

– Ni mwili yangu, Mama Delphine. Unisamehe, nimeharibu kazi yako.

Yeye – kuniomba musamaha mimi! Na mimi nilijibu nini? Nilijibu: si kitu, mama.

Si kitu!

Siku ya Mungu, 17 Agosti

Ba Mayo Matildah hakuja misa. Ennie alianzisha wimbo. Ilianguka ku beti ya pili.

Siku ya pili, 19 Agosti

Ennie alikuja na bluzi yake. Imepasuka kwapa. Ennie! Mutu mwembamba vile, anaweza kupita mu mulango bila kuifungua. Banamuke bengine babili, vile vile.

Sasa balijua ni uzi. Na balijua uzi inatoka wapi, juu karatasi ya bobini ilikuwa chini ya meza yangu. Ennie alikasirika: huyu Muzairwa, mutu ya ng'ambo, anatuibia, tutaenda ku komiti ya soko, arudi kwao na takataka yake. Alisema ile mbele yangu. Kisha akakumbuka mimi ni mutu ya wapi, akasema: weye si kama yeye, weye ni wetu.

Wetu. Na nikakubali na kichwa. Nikaacha jina ya mwenzangu ichafuke badala ya yangu.

Siku ya tatu, 20 Agosti

Nilienda kwa Valère. Nilikuwa na hasira tayari, nimeipika njia yote. Nilimuambia uzi yako ni mubaya.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anapanga bikombe.

– Uliivuta hapa mbele yangu, mama. Ikakatika. Ukanunua munane. Nilifikiri ni ya pazia.

– Juu ya nini unauzisha kitu kama hii?

– Kitu ya ngwee makumi mbili haijifichi. Inasema yenyewe bei yake. Korali ilikulipa bei ya uzi gani?

Nilirudi nyumbani. Alikuwa na haki. Kikombe ni kikombe, na kufuli ile ya Kapembwa ilituchekesha tu. Hakuna mutu aliaibika nayo. Bei ya chini ni muzuri kama weye mwenyewe unajua umenunua nini. Matildah hakujua. Alinunua jina yangu, na mimi nikaiweka ndani uzi ya pazia.

Siku ya ine, 21 Agosti

Nilienda kwa Ba Mayo Matildah. Mulango imefungwa. Alisema toka ndani: nina homa kidogo, mama, enda salama. Sauti ndogo, sijapata kuisikia kwake. Ningeweza kusema pale, ku mulango. Sikusema.

Siku ya posho, 23 Agosti

Niliita korali yote hapa ku baraza. Balikuja kumi na mumoja. Nikasimama.

– Uzi ilikatika mu vidole yangu mbele sijaiweka mu mashine. Valère hakunidanganya. Mimi niliwadanganya. Na nilimuacha mama afikiri ni mwili yake.

Balikuwa bamekuja na bluzi zao. Ennie alisimama. Kisha akachukua wembe, akavuta bluzi ya kwanza, akaanza kufumua. Bengine bakafuata. Nilileta uzi ya kweli, nikaiweka katikati. Balivuta, kila mumoja na vidole yake. Sawa. Ni haki yao.

Saa sita Ba Mayo Matildah akaingia. Mutu alikuwa amemupelekea habari. Hakunisalimia. Aliweka bluzi yake ku meza.

– Nipime tena. Mbele yao.

Nilichukua metre. Nikaizungusha ku kifua yake. Kitabu yangu inasema kifua 118. Metre ikasema 112. Nikapima tena. 112.

– Tangu Kabuta sikukula bukari, alisema. Chai tu. Nilitaka nipunguke kwanza, ndiyo nirudi kuimba.

Wembe ya Ennie ilisimama.

Niliuliza, polepole: nishone kipimo gani, mama – ya kitabu ama ya leo? Alitazama mikono yake. Alikaa ku kiti. Kapembwa akatoka na bukari na samaki ya mupya, akaweka mbele yake, akaenda zake.

Niko naandika ku pembe ya mashine, juu sijui nifanye nini ingine. Banamuke banafumua. Yeye ameshika tonge. Ameichovya mu mchuzi.

Bado iko mu mukono.