Tabliye Niliyoshona Stesheni

Mama yangu mpenzi huko Kalemie,

Nakusalimu kwa furaha kubwa. Mguu wako umepona? Baba bado anakohoa asubuhi? Hapa Musonoi njaa tunayo, ila tunapumua. Na mwanao amejua kushona, Mama. Mimi niliyekuletea hata kifungo unishonee.

Mgodi umenyamaza, mshahara wa baba watoto hauji. Mama mmoja mwenye tanuru la mikate alikubali kunichukua, mradi Jumatatu nije na tabliye yangu, ile nguo ya kufunga mbele unga usikuchafue. Sikuwa nayo. Fundi ninayemjua ni jirani yetu Mama Mbuyi, naye alikuwa tayari stesheni. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, na watu wa huko wote wanafukuzwa hapa kwetu; basi naye aliambiwa arudi kwao, yeye aliyezaliwa mtaa huu huu. Yeye na watoto wake walilala nje na wenzao wengi wakingoja treni, cherehani yake ya mkono juu ya sanduku.

Mke wa jirani mwingine akanizuia mlangoni: "Weye unafwata nini kule? Batasema na weye ni wa Kasai."

Niliogopa, sikufichi. Nikaenda, nimeficha ovaroli kuukuu ya baba watoto chini ya kitenge.

Mama Mbuyi hakushika mkasi, aliniachia nikate mwenyewe. Mgongo wa ovaroli ukawa tabliye, miguu ikatoa kamba. Mshono wa kwanza ulipinda kama njia ya mbuzi. Wa pili ukanyooka, nikacheka peke yangu. Kwa kiburi nikaongeza mfuko, nikaushona pande zote nne. Akaugeuzageuza.

"Ni mufuko gani hii? Mukono itaingilia wapi?"

Mama, maisha yangu yote vitu vyangu nafunga kwenye pindo la kitenge, ningejuaje habari za mifuko? Alicheka mpaka waliolala juu ya mizigo wakainuka. Tangu wafukuzwe sikuwa nimemsikia akicheka. Nilikuwa bado nafumua upande wa juu treni ilipoingia.

Tulisukumana, tukapandisha watoto wake na cherehani. Nikajifunga tabliye haraka. Akatoa kichwa dirishani.

"Zunguka kwanza, nione mugongo."

Nikazunguka, nikasimama wima aone fundo la kamba vizuri. Nilipogeuka treni ilikuwa inaondoka, na yeye hayupo tena dirishani. Mpaka leo sijui kama alitaka kuona fundo, au hakutaka nimwone analia.

Kazi nimepata, nanukia mkate kutwa. Nisalimie Baba, dada mkubwa na mapacha wake, na shangazi aliyesema mikono yangu inafaa jembe tu. Mwambie aje aone.

Kitambaa cha ovaroli kimebaki. Namshonea Mama Mbuyi tabliye yake, kamba ndefu maana kiuno chake si changu. Ukisikia kwa watu wa reli alishukia wapi, niandikie upesi. Mfuko nimeuacha wazi juu.

Mwanao,
Fina