Ukuta wa Chumba cha Mama

Duluth, Machi

Kaka Verlyn,

Salamu zako za Arizona nimezipata. Zangu leo sina. Theluji bado imefika dirishani, na mbwa wa jirani amezaa.

Mama amehamia kwangu. Jumanne, kwa kuwa anataka kuuza nyumba yake, alikuja mkaguzi, Bi Tuominen, na kamera inayoonyesha joto. Kuta zote zilitokea za manjano kwenye kioo chake. Alipofika chumbani kwa Mama, ukuta ulioutengeneza wewe ukawa buluu, kuanzia darini mpaka kwenye mto wake wa kulalia.

"Buluu ni baridi," akaniambia. "Hapa pana maji. Nani aliufunga ukuta huu?"

Kwa aibu yako nikaenda kuchukua nyundo.

Tulibomoa. Nyuma ya rangi yako nzuri kulikuwa na kuvu nyeusi kama masizi, na misumari yako mipya imepigwa kwenye mbao zilizooza. Uliona, Verlyn! Uliona, ukafunika, ukapanda ndege. Mama amekohoa msimu mzima wa baridi, nawe kwenye simu ukisema, "Ni uzee huo, Marlys, acha kumtia hofu." Daktari anasema ni mapafu, na hayatapona yote.

"Usimwandikie kwa ukali, mwanangu," Mama ananiambia. "Alikuwa na haraka."

"Haraka ya nini, Mama? Ya kwenda kucheza gofu?"

Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

Ameniomba nikuandikie kwamba hajambo. Hilo siandiki. Njoo umsikie mwenyewe.

Dada yako,
Marlys